Kompyuta Ndani ya Kisima cha Mafuta: Mkazi wa Turkana Anahusika Vipi?

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi, viongozi wa vijiji na wanafunzi wa vyuo vya ufundi

 

Mafuta yanapotajwa Lokichar, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye mambo manne: ajira, ardhi, maji na ile asilimia 5 ya jamii. Ni haki yaende huko. Lakini kuna swali la tano ambalo halisikiki sana kwenye baraza: mtambo ukisimama pale kichakani na kuchimba usiku kucha, aliye juu anajuaje kinachotendeka chini? Jibu la siku hizi ni kwamba anajua kwa kompyuta. Na namna kompyuta hiyo inavyotumiwa, au isivyotumiwa, inagusa yale mambo manne yote.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1992 kampuni ya Shell ilichimba kisima cha Loperot-1 katika bonde hili la Lokichar. Dalili za mafuta zilionekana, lakini kampuni ikaondoka. Ilichukua miaka 20 kabla ya Tullow kuchimba Ngamia-1, na tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki akalitangazia taifa kwamba mafuta yamepatikana Turkana. Siku ya tangazo hilo, kisima kilikuwa kimefika mita 1,041, na ndani yake kulikuwa na zaidi ya mita 20 za mwamba wenye mafuta. Hakuna binadamu aliyeshuka huko kuuona mwamba huo. Kila kilichojulikana kilikuja juu kwa njia ya vipimo, yaani namba.

Wengi wenu mmeona mtambo wa kuchimba kisima cha maji. Wa mafuta ni ndugu yake mkubwa. Kuna mnara, kuna mabomba yanayoungwa moja baada ya jingine, na kwenye ncha ya chini kuna keekee yenye meno magumu inayosaga mwamba. Ndani ya mabomba husukumwa tope maalum. Tope hilo hushuka katikati, hutokea kwenye keekee, kisha hupanda kando ya bomba likibeba vipande vya mwamba. Tope linapoza keekee. Uzito wake pia unazuia gesi, mafuta na maji yaliyoko chini yasilipuke kuja juu. Mtu akisikia neno tope asilidharau. Ndilo linaloshikilia kisima kizima.

Fundi aliye kwenye usukani ana mambo matatu makubwa anayoweza kubadilisha: mzigo anaouweka juu ya keekee, kasi ya kuizungusha, na kiasi cha tope anachosukuma kwa dakika. Basi. Kila kitu kingine kinategemea mwamba, na mwamba haulizwi ruhusa.

Zamani fundi aliongozwa na sikio na mkono, kama yule wa mashine ya kusaga unga anayejua kwa mlio tu kwamba mahindi yameingia mengi. Ujuzi huo ni wa thamani na bado unahitajika. Shida ni kwamba keekee ikiwa kilomita mbili chini ya miguu yake, mlio hufika umechelewa na umepotoka. Hapa Lokichar kuna shida ya ziada. Bonde hili lilikuwa ziwa mamilioni ya miaka iliyopita, na mashapo yake yamejipanga tabaka juu ya tabaka, mchanga mgumu hapa, udongo mwororo wa ziwa pale. Mzigo na kasi vilivyofaa kwenye tabaka moja vinaweza kuwa kosa mita chache baadaye.

Ndipo kompyuta inapoingia. Vifaa vya kupima hufungwa kila mahali juu ya mtambo, na hupima uzito unaoning'inia, nguvu ya kuzungusha, shinikizo la pampu, tope linaloingia na linalotoka. Vingine hufungwa karibu na keekee yenyewe. Hivi vya chini vina ujanja wa kupendeza. Kwa kuwa kupitisha waya ndani ya mamia ya mabomba yanayofunguliwa na kufungwa kila saa ni taabu, kifaa huziba na kuachilia tope kidogo kidogo, na mapigo hayo husafiri juu ndani ya tope kama mlio wa ngoma kutoka kijiji hadi kijiji. Juu, kompyuta husikiliza mapigo na kuyageuza kuwa namba: mwelekeo wa kisima, joto, aina ya mwamba. Mbinu hii ilianza kutumika kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1970, na ijapokuwa mwendo wake ni wa polepole sana ukilinganishwa na simu zilizo mifukoni mwenu, hadi leo inategemewa.

Sasa namba zikishafika, zinasaidia nini? Chukua pikipiki iliyokwama kwenye mchanga wa laga. Mwendeshaji anakanyaga, injini inanguruma, gurudumu linazunguka, petroli inaisha, safari haisongi. Akizidisha moto, gurudumu linazama zaidi. Anayejua kazi hupunguza, hushuka, huondoa mchanga, kisha huondoka. Keekee pia hukwama hivyo, ila hakuna anayeiona. Mwaka wa 1965 mtafiti Teale, nchini Uingereza, alieleza kipimo rahisi: nishati iliyotumika kusaga kiasi fulani cha mwamba. Nishati ikipanda ghafla na mwendo ukabaki pale pale, ujue gurudumu linazunguka mchangani. Pengine meno yameshikwa na udongo, pengine bomba linatetemeka na kupiga kuta, pengine keekee imechakaa.

Kipimo hicho kilikaa kwenye vitabu muda mrefu. Mwaka wa 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Bourgoyne na Young, walionyesha namna ya kuchukua rekodi za visima vilivyokwisha kuchimbwa na kuzifanyia hesabu ili kukadiria mzigo na kasi vinavyofaa kwenye kisima kinachofuata. Lakini ni katika miaka ya 2000, kompyuta zilipokuwa na nguvu na bei nafuu, ndipo kampuni kubwa zilianza kuweka kile kipimo cha Teale kwenye skrini mbele ya fundi, kikibadilika papo hapo. Fundi akibadilisha mzigo, anaona mara moja kama amesaidia au ameharibu. Siku hizi zipo programu zinazobadilisha mzigo na kasi zenyewe, fundi akisimamia tu.

Kuna anayeweza kusema: dakika chache zikiokolewa, ina shida gani? Tufanye hesabu. Bomba moja la kuchimbia lina urefu wa karibu mita 9. Kisima cha mita 2,700 kina mabomba kama 300 yaliyoungana. Keekee ikiharibika huko chini, mabomba yote yanatolewa, keekee inabadilishwa, kisha yote yanarudishwa. Yakitolewa matatu matatu, ni mafungu 100. Kila fungu likichukua dakika 3, kutoa ni saa 5 na kurudisha ni saa 5. Saa 10 zimekwisha na hakuna hata sentimita moja iliyochimbwa. Keekee iliyotunzwa vizuri ikafika mwisho bila kubadilishwa imeokoa karibu nusu siku. Na kisima kimoja kinaweza kuhitaji kubadilishiwa keekee mara kadhaa.

Hapa ndipo mkazi wa kawaida anapoingia kwenye hesabu, hata kama hajawahi kukaribia ua wa mtambo.

Chini ya mikataba ya kugawana mafuta, kampuni hurudishiwa kwanza gharama zake kutokana na mafuta yanayouzwa, hadi kiwango kilichowekwa na mkataba. Kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya kampuni na serikali ya kitaifa. Kisha Sheria ya Petroli ya mwaka wa 2019 inaligawa lile fungu la serikali: asilimia 75 hubaki kwa serikali ya kitaifa, 20 huja kwa serikali ya kaunti, na 5 huenda kwa jamii ya mahali. Sikilizeni vizuri mpangilio huo. Asilimia 5 haihesabiwi kutoka kwa kila pipa linalopita barabarani. Inahesabiwa kutoka kwa fungu la serikali, baada ya gharama kutolewa. Na siku za mtambo ni gharama.

Kwa mfano tu, na hizi si takwimu za kisima chochote, tuseme mtambo na huduma zake ni shilingi milioni 10 kwa siku. Kisima kilichopaswa kuchukua siku 30 kikachukua 40. Hizo ni milioni 100 za ziada. Kwa visima 50, ni bilioni 5. Tuseme fedha hizo zingebaki kugawanywa, na serikali ikapata nusu, yaani bilioni 2.5. Kaunti ingepata milioni 500 na jamii milioni 125. Milioni 125 ni madarasa, ni visima vya maji, ni karo. Zimeishia kwenye siku 10 za kusubiri, kisima baada ya kisima, na hakuna aliyeiba.

Ndiyo maana rekodi za kompyuta ya mtambo zina faida nyingine ambayo wahandisi hawaizungumzii sana. Vifaa hivyo huandika kila sekunde chache. Vinaonyesha saa ambazo keekee ilikuwa inasaga mwamba na saa ambazo mtambo ulisimama. Mkaguzi wa gharama akipewa rekodi hizo, anaweza kuuliza: siku hii mlidai gharama kamili, mbona keekee haikuzunguka? Mlikuwa mnasubiri kipuri? Kipuri kilichelewa kwa kosa la nani? Bila rekodi, anabaki na stakabadhi na maelezo ya mdomo. Wakazi wanaposhiriki vikao vya umma kuhusu mafuta, swali la nani anaziona rekodi hizi ni swali la fedha zao, na linafaa kuulizwa kabla ya mtambo kuanza kuzunguka.

Kuharakisha, hata hivyo, kuna hatari yake.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa ukimalizia kisima cha kampuni ya BP kiitwacho Macondo. Kazi ilikuwa imechelewa na gharama zilikuwa zimepanda. Saa 3:08 usiku pampu zilizimwa kwa muda ili kufanya kipimo kimoja. Pampu zikizimwa, shinikizo ndani ya bomba linapaswa kutulia. Halikutulia. Kwa dakika zisizozidi sita lilipanda kwa takriban psi 250, kipimo kile kile cha shinikizo kinachotumika kujaza hewa kwenye magurudumu. Maana yake ilikuwa moja: kitu fulani kilikuwa kinapanda kutoka chini. Mstari ulikuwa kwenye skrini, ukionekana wazi. Namba zile zile zilikuwa zikitumwa hadi nchi kavu. Pampu zikawashwa tena na kazi ikaendelea.

Saa 3:49 mtambo ulilipuka. Wafanyakazi 11 walifariki. Mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87.

Tume ya kitaifa iliyoundwa na Rais Barack Obama ilitoa ripoti yake Januari 2011. Kuhusu skrini hizo, tume ilisema jambo ambalo kila mwenye mtambo anapaswa kulibandika ukutani: mfumo mzima ulitegemea mtu anayefaa awe mbele ya namba zinazofaa kwa wakati unaofaa, na azielewe. Tume haikuona sababu ya kompyuta kutowekewa uwezo wa kupiga kengele yenyewe mambo yanapokwenda mrama.

Hesabu ya kengele hiyo haihitaji shahada. Ni ya mama aliye jikoni na sufuria ya chai ya maziwa. Ikipanda bila yeye kuongeza kitu, moto umezidi. Kisimani, ukisukuma lita 2,000 za tope kwa dakika na zikatoka 2,200, hizo 200 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mwamba, na zikiachwa zitaleta nyingine nyuma yake. Kompyuta inaweza kulinganisha namba hizo mbili usiku kucha bila kusinzia. Lakini kengele ikilia, ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, na je, atakaripiwa akisimamisha bure? Programu haiwezi kujibu hilo. Kampuni ndiyo hujibu, na mdhibiti wa serikali ndiye anayepaswa kuhakikisha jibu limeandikwa. Visima vya Lokichar viko nchi kavu na si chini ya bahari, lakini karibu navyo kuna malisho, mifugo na watu.

Kuna jambo jingine ambalo skrini haioni kabisa. Oktoba 2013 Tullow ilisimamisha kazi kwenye maeneo yake ya Turkana baada ya wakazi kuandamana wakidai nafasi za kazi na zabuni. Mwaka wa 2018, malori ya mradi wa majaribio wa kusafirisha mafuta kwenda Mombasa yalizuiwa barabarani, wakazi wakilalamikia usalama na fungu lao. Katika rekodi ya kompyuta, nyakati kama hizo huonekana kama mstari mlalo: mtambo umesimama. Programu itauweka kwenye fungu la muda uliopotea, pamoja na pampu iliyoharibika na keekee iliyochakaa. Haitasema kwamba watu waliahidiwa wakasubiri. Mhandisi anaweza kutumia miezi akipunguza saa 10 za kubadilisha keekee, kumbe kikao kimoja cha wazi na wazee chini ya mti kingeokoa wiki mbili. Kampuni inayohesabu siku zake kwa makini inafaa kukihesabu kikao hicho kuwa sehemu ya uchimbaji.

Sasa vijana, na hasa walio vyuoni. Ukweli usemwe hata kama si mtamu. Mitambo mipya inashika na kufunga mabomba kwa mikono ya chuma. Kazi ya nguvu kwenye sakafu ya mtambo inapungua. Kazi ya kutazama namba nayo haihitaji kufanyika hapa. Kwa setilaiti, mtu aliyekaa Nairobi au Houston anaweza kufuatilia kisima cha Lokichar kama aliyesimama kando yake. Mafuta yatatoka Turkana na ajira nyingine inaweza kutoka nayo, kimya kimya, kupitia antena juu ya kontena.

Lakini mlango haujafungwa. Vifaa vya kupima huharibika kwa vumbi na joto, na hapa vyote viwili ni tele. Anayejua umeme, mifumo ya maji na mafuta chini ya shinikizo, na kusahihisha vipimo, atahitajika mahali palipo na mtambo. Wa kusoma tope na vipande vya mwamba pia hukaa pale pale. Ujuzi huo haufungwi na mafuta. Visima vya mvuke vya Olkaria na Menengai huchimbwa kwa mitambo ya ukoo huo huo, yenye tope, keekee na skrini za aina hiyo hiyo. Msichana wa Kainuk anayefanya vizuri kwenye hisabati na fizikia ana nafasi katika kazi hii kuliko kijana mwenye kifua kipana, na wazazi wanaochagua nani aendelee na masomo wanafaa kulijua hilo.

Mwaka wa 2025 Tullow ilikubaliana kuiuzia Gulf Energy mali zake za Kenya. Kampuni mpya haianzi gizani. Ngamia, Twiga, Amosing, Ekales, Etuko na visima vingine vyote viliacha rekodi: wapi tabaka lilibadilika, wapi bomba lilikwama, wapi tope lilipotelea kwenye nyufa. Rekodi hizo ndizo kompyuta itakayochimba kisima kinachofuata itajifunza kutokana nazo. Zilipatikana kwa gharama ambazo zitadaiwa kutoka kwa mafuta ya hapa. Itakapofika siku ya kikao cha umma kuhusu visima vipya, mkazi yeyote, awe mfugaji au mwalimu, ana haki ya kusimama na kuuliza: kisima cha mwisho kilipangiwa siku ngapi, kilichukua ngapi, tofauti ilitokana na nini, na rekodi ziko kwa nani. Anayejibu anatakiwa kuwa na namba mkononi, kwa sababu kompyuta ilishaziandika.